Kodi kubwa, fedha kidogo: kisa cha wilaya ya shule ya Edgewood

Katika mwaka wa masomo wa 1967–68, wenye nyumba wa Edgewood, upande wa magharibi wa jiji la San Antonio katika jimbo la Texas, walitozwa kodi ya shule kwa kiwango kikubwa kuliko wilaya nyingine zote za shule za eneo lile: dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, wakazi wa Alamo Heights walitozwa senti 85. Baada ya kila wilaya kutoa mchango wake kwenye mpango wa jimbo wa kugharimia shule, kodi ya Edgewood ilibakiza dola 26 kwa kila mwanafunzi. Ile kodi ndogo ya Alamo Heights ilibakiza dola 333.

Namba hizo zimenikaa kichwani kwa muda mrefu. Tukisikia shule za mtaa fulani ni mbovu, tunakimbilia kusema wazazi wa pale hawajali, au viongozi wamekula fedha. Edgewood wazazi walijikamua kuliko majirani zao, na upungufu ule haukuhitaji mwizi yeyote. Kila senti ilikwenda kama sheria ilivyoelekeza. Anayetaka kuelewa jinsi shule za umma za Marekani zinavyotawaliwa na kugharimiwa, kisa hiki kitamfundisha mengi kuliko vitabu vya sera, kwa sababu kilipita mikononi mwa wazazi, bodi, bunge na mahakama, na kila mmoja alilazimika kusema wazi anaamini nini.

Kwanza tukubaliane kuhusu neno "wilaya". Kwetu neno hilo linatuletea mkuu wa wilaya, halmashauri, barabara, zahanati na masoko. Wilaya ya shule ya Marekani kwa kawaida ni serikali ndogo yenye kazi moja tu, kuendesha shule. Texas inaziita wilaya huru za shule, na uhuru huo upo kisheria: haziko chini ya meya wala baraza la jiji, na mipaka yake si lazima ifuate mipaka ya jiji. Wakati wa kisa chetu, eneo la San Antonio peke yake lilikuwa na wilaya saba za namna hii, kila moja na bodi yake, kodi yake na mkurugenzi wake.

Bodi kwa kawaida ina wajumbe saba. Wanachaguliwa na wapigakura wa eneo hilo na hawalipwi mshahara. Wao ndio wanaomwajiri mkurugenzi wa kuendesha kazi za kila siku, wanapitisha bajeti, wanapanga kiwango cha kodi ndani ya ukomo uliowekwa na jimbo, na majengo ya shule yako mikononi mwao. Wakitaka kujenga shule mpya wanakopa kwa kuuza hatifungani, lakini mpaka wapigakura wakubali kwanza. Mwalimu ni mwajiriwa wa wilaya. Hapa ndipo tofauti na kwetu inapokuwa kubwa. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali Tanzania, awe Kibondo au Kinondoni, mshahara wake unatoka Hazina. Mwenzake wa Kenya anaajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Tanzania ilipoanza elimu bila malipo mwaka 2016, ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari ilipangwa iwe sawa nchi nzima. Tuna madonda yetu ya usawa, nayo ni makubwa, lakini hayaanzii kwenye bei ya nyumba za jirani. Texas yanaanzia hapo.

Katiba ya Texas ya mwaka 1876 inaliagiza bunge la jimbo kuweka na kugharimia mfumo wenye ufanisi wa shule za umma zisizo na ada. Neno "ufanisi" litunze, litarudi. Mwaka 1883 Katiba ilirekebishwa ili wilaya ziweze kutoza kodi zao wenyewe juu ya ardhi na majengo. Texas ikiwa bado nchi ya wakulima na wafugaji, mpango huo haukuonekana na ubaya mkubwa. Kisha ikaja miji, viwanda na mafuta, na utajiri ukajikusanya sehemu chache. Wilaya iliyokuwa na kiwanda au visima vya mafuta ndani ya mpaka wake ikawa na chemchemi. Iliyobaki na vijumba vya vibarua ikabaki na vijumba.

Mwaka 1949 sheria zilizoitwa Gilmer-Aikin zilijaribu kulirekebisha jambo hili. Zilianzisha mpango wa kiwango cha chini: kila mtoto wa Texas apate angalau kiasi fulani, jimbo likibeba karibu asilimia 80 ya gharama na wilaya zote kwa pamoja zikibeba 20 zilizobaki kwa kadiri ya uwezo. Kwa wakati ule ilikuwa hatua ya maana. Lakini juu ya kiwango hicho cha chini, kila wilaya iliachiwa kukusanya na kukitumia ilichokusanya, na fundo la kisa chote liko kwenye sentensi hiyo moja.

Kinachoipa wilaya nguvu ni thamani ya mali inayotozwa kodi ikigawanywa kwa idadi ya wanafunzi. Edgewood ilikuwa na wanafunzi wapatao 22,000 katika shule 25, kwenye mitaa ya makazi isiyo na biashara wala viwanda vya maana. Thamani ya mali yake kwa kila mwanafunzi ilikuwa dola 5,960, ya chini kuliko zote katika eneo la jiji. Alamo Heights ilikuwa ndogo, wanafunzi 5,000 hivi na shule sita, lakini kila mwanafunzi alikuwa na mali ya zaidi ya dola 49,000 nyuma yake. Piga hesabu mwenyewe: senti moja ya kodi kwa kila dola 100 iliiletea Edgewood senti 60 tu kwa mwanafunzi. Senti hiyo hiyo iliiletea Alamo Heights karibu dola tano.

Labda utasema kwamba jimbo lilifidia pengo hilo. Mwaka ule mpango wa jimbo uliipa Edgewood dola 222 kwa mwanafunzi, na Alamo Heights dola 225. Ndiyo, tajiri alipewa zaidi. Fedha za jimbo zilifuata sifa za walimu na uzoefu wao, na wilaya iliyoweza kuongeza donge juu ya mshahara ndiyo iliyowapata walimu wenye shahada za juu na miaka mingi kazini. Kufikia 1970–71, mgawo wa jimbo kwa Edgewood ulikuwa dola 356, na kwa Alamo Heights 491. Mwenye nacho aliongezewa, tena na ule mfuko uliowekwa kumsaidia asiye nacho. Serikali kuu ya Marekani ndiyo iliyosaidia kidogo: mwaka 1967–68 iliiongezea Edgewood dola 108 kwa mwanafunzi, na Alamo Heights 36. Ukijumlisha vyote, mtoto wa Edgewood alikuwa na dola 356 na wa Alamo Heights 594.

Dola hizo zilikuwa na sura za watu. Karibu nusu ya walimu wa Edgewood, asilimia 47, walifundisha kwa vibali vya dharura kwa sababu hawakuwa wametimiza sifa. Alamo Heights walikuwa asilimia 11. Edgewood ilikuwa na mshauri nasaha mmoja kwa wanafunzi 3,098, na Alamo Heights mmoja kwa 645. Mtoto mwenye shida nyumbani, au mwenye kipaji asiyejua njia ya chuo kikuu, angepanga foleni nyuma ya wenzake elfu tatu. Nimesoma hoja nyingi za wachumi kwamba fedha hazina uhusiano wa moja kwa moja na matokeo ya mitihani. Sijawahi kumsikia hata mmoja wao akiomba watoto wake wahamishiwe kwenye foleni hiyo.

Na mipaka haikuchorwa na mvua. Katika San Antonio, kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Marekani, hati za viwanja vya mitaa mizuri ziliandikwa masharti ya kuwakataza Wamarekani wenye asili ya Meksiko na watu weusi kununua au kupanga. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutumika kulazimisha masharti ya rangi ya namna hiyo, lakini wakati huo mitaa ilikwisha kukaa ilivyokaa. Miaka ishirini baadaye wanafunzi wa Edgewood walikuwa asilimia 90 wenye asili ya Meksiko na zaidi ya asilimia 6 weusi. Alamo Heights wenye asili ya Meksiko walikuwa asilimia 18, na weusi hawakufika asilimia moja. Ukimzuia mtu asikae mahali penye mali, kisha ukagawa fedha za shule kwa kufuata mali ya mahali anapokaa, umemzuia mara mbili.

Tarehe 16 Mei 1968, wanafunzi wapatao 400 wa sekondari ya Edgewood walitoka madarasani wakaandamana kwenda ofisi za wilaya. Walilalamikia walimu wasio na sifa, majengo yaliyochakaa na vifaa visivyokuwapo. Wazazi wakaungana nao. Hasira yao ya kwanza ilielekezwa kwa bodi na mkurugenzi, na hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, maana bodi ndiyo inayoonekana. Inakaa mtaani, wajumbe wake unakutana nao dukani na kanisani, na wao ndio wanaotia saini bajeti. Wazazi walidhani fedha zinatumika vibaya. Mwanasheria waliyemwendea, Arthur Gochman, aliwaonyesha kwamba hata bodi ya malaika isingeweza kuendesha shule nzuri kwa fedha zile, na kwamba wa kushitakiwa ni mfumo wa jimbo.

Jina lililotangulia kwenye shauri lilikuwa la Demetrio Rodriguez, mpiganaji wa zamani aliyefanya kazi ya kufua mabati katika kambi ya jeshi la anga ya Kelly, ambaye watoto wake walisoma Edgewood. Shauri lilifunguliwa Julai 1968. Wilaya za eneo lile nazo ziliingizwa kama washitakiwa, na baadaye wilaya ya San Antonio ikaondolewa na hata ikawaunga mkono wazazi mahakamani. Lakini jina lilikwisha kushika, na hadi leo wanafunzi wa sheria wanasoma kesi ya "wilaya ya San Antonio dhidi ya Rodriguez" wakidhani hao wawili ndio waliokuwa wakipigana.

Tarehe 23 Desemba 1971 majaji watatu wa mahakama ya shirikisho walikubaliana na wazazi: mfumo wa Texas unavunja haki ya kulindwa sawa na sheria iliyomo katika Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani. Texas ikakata rufaa. Machi 21, 1973, Mahakama ya Juu ikaubatilisha ushindi huo kwa kura tano dhidi ya nne.

Hukumu iliandikwa na Jaji Lewis Powell, na ni vizuri kujua alikotoka. Kabla ya kuwa jaji alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule ya Richmond, Virginia, kuanzia 1952 hadi 1961. Bodi za shule alizijua na kuzipenda. Alisema elimu, pamoja na umuhimu wake wote, si haki iliyotajwa au kufichika ndani ya Katiba ya Marekani. Alisema pia kwamba wilaya yenye mali kidogo si sawa na kundi la watu maskini ambalo mahakama inapaswa kulilinda kwa namna ya pekee. Hoja iliyobeba uzito kuliko zote ilikuwa ya wenyeji kujiamulia mambo yao: kodi ya mahali inawapa wazazi sauti, inawafanya waamue wenyewe wanataka kutumia kiasi gani kwa watoto wao, na inaruhusu kila wilaya ijaribu njia zake.

Siidharau hoja hii. Mtu aliyewahi kusubiri dawati kutoka makao makuu ya mkoa anajua thamani ya uamuzi kufanyika karibu. Bodi ya watu saba unaoweza kuwafikia kwa miguu ni kitu chema, na ningependa tuwe nayo. Lakini tazama Edgewood walikuwa wanajiamulia nini. Jaji Byron White, aliyepinga hukumu, aliweka hesabu mezani. Ili kufikia mavuno ya wilaya iliyokuwa juu kuliko zote katika kaunti ile, Alamo Heights ingetosheka na kodi ya senti 68. Edgewood ingehitaji dola 5.76 kwa kila dola 100. Na sheria ya Texas yenyewe iliweka ukomo wa dola 1.50 kwa kodi ya uendeshaji wa shule. Kwa maneno mengine, wazazi wa Edgewood waliambiwa wana uhuru wa kuchagua, kisha wakakatazwa kisheria kukifikia walichokuwa wakikichagua. Bodi yao ilipewa ndoo na kamba, kisha ikapelekwa kwenye kisima kikavu.

Jaji Thurgood Marshall, aliyewahi kuwa wakili katika kesi ya 1954 iliyokomesha ubaguzi wa rangi shuleni, aliandika upinzani mrefu zaidi. Kati ya kurasa zile nyingi kuna tanbihi moja iliyokuja kuzaa matunda: alikumbusha kwamba hukumu hiyo haizuii watu kuipeleka mifumo ya fedha za shule mbele ya mahakama za majimbo, chini ya katiba za majimbo. Mlango wa Washington ulikuwa umefungwa. Marshall alionyesha dirisha.

Ilichukua miaka kumi na moja kulifikia. Mei 1984 mfuko wa kisheria wa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, MALDEF, ulifungua shauri kwa niaba ya Edgewood na wilaya nyingine maskini, safari hii katika mahakama ya Texas. Zingatia mabadiliko ya washiriki. Mwaka 1968 waliokwenda mahakamani walikuwa wazazi. Sasa ilikuwa ni wilaya yenyewe, bodi iliyochaguliwa, ikilishitaki jimbo lililoiumba. Na hoja yao iliegemea lile neno la 1876, ufanisi.

Oktoba 2, 1989, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Texas walikubaliana nao bila hata mmoja kupinga. Namba walizozikuta zilikuwa mbaya kuliko za Rodriguez. Wilaya tajiri kuliko zote jimboni ilikuwa na mali ya zaidi ya dola milioni 14 kwa mwanafunzi, na ya mwisho dola 20,000 hivi, yaani mia saba kwa moja. Edgewood ilikuwa na dola 38,854 na Alamo Heights 570,109. Wilaya 100 maskini zaidi zilijitoza wastani wa senti 74.5 na kutumia dola 2,978 kwa mwanafunzi. Zile 100 tajiri zaidi zilijitoza senti 47 na kutumia dola 7,233. Mfumo wa namna hiyo, majaji walisema, hauna ufanisi unaotakiwa na Katiba. Wilaya zinazojitoza kodi kwa kiwango kinachofanana zinapaswa kupata mapato yanayokaribiana.

Ushindi ule haukuleta fedha kesho yake. Bunge lilitunga sheria, mahakama ikaikataa mwaka 1991. Likatunga nyingine ya kuziunganisha wilaya katika maeneo makubwa ya kodi, nayo ikakataliwa mwaka 1992 kwa sababu ilikuwa kodi ya mali ya jimbo kwa mlango wa nyuma, kitu ambacho Katiba ya Texas inakikataza. Mei 1993 wananchi waliulizwa kama Katiba irekebishwe ili fedha zihamishwe kati ya wilaya. Wakakataa. Ndipo bunge, likiwa limebanwa na tarehe ya mwisho ya mahakama, likapitisha mpango ambao kwa umbo fulani ungalipo leo. Wilaya yenye mali inayozidi kiwango fulani kwa mwanafunzi, wakati huo dola 280,000, inachagua jinsi ya kuupunguza utajiri huo: ijiunge na wilaya nyingine, ihamishe sehemu ya mali yake kwenye daftari la wilaya nyingine, igharimie wanafunzi wa wilaya nyingine, au ilipe fedha kwa jimbo. Karibu zote huchagua kulipa. Mwaka 1995 mahakama iliukubali mpango huo, na Alamo Heights ikawa miongoni mwa walipaji.

Wapinzani waliuita mpango wa Robin Hood, yule wa hadithi za Kiingereza aliyewapora matajiri akawapa maskini, na jina likadumu. Binafsi naliona jina hilo linapotosha, maana Robin Hood alinyang'anya mali ya watu, na hapa kinachogawanywa ni kodi ya umma iliyokusanywa kwa amri ya jimbo kwa kazi ambayo Katiba imelikabidhi jimbo. Hata hivyo mpango una ugonjwa wake wa kweli. Bei za nyumba zinapopanda, makusanyo ya wilaya hupanda, na kanuni ya hesabu hulipunguzia jimbo mzigo wake. Mwenye nyumba analipa zaidi akidhani anaziongezea shule, kumbe sehemu ya nyongeza ile inaipa nafuu hazina ya jimbo. Wilaya kubwa za mijini zenye majengo ya thamani na watoto wengi maskini nazo zilijikuta upande wa walipaji. Novemba 2016 wapigakura wa Houston walikataa kuidhinisha malipo hayo; Mei 2017, jimbo lilipotishia kuhamisha mali za kibiashara kutoka wilaya yao, wakakubali. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Texas iliulizwa tena kuhusu mfumo mzima. Ilikiri kwamba una kasoro nyingi, ikasema unatimiza kiwango cha chini cha Katiba, na kazi ya kuuboresha ikaliachia bunge.

Edgewood ya leo ni wilaya ndogo. Wanafunzi wake wamepungua hadi chini ya 10,000, na baadhi ya shule zimefungwa. Watu wamehama na shule za mkataba, yaani shule za umma zinazoendeshwa nje ya wilaya, zimechukua watoto, na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wageni wengi hawalijui. Texas inalipa wilaya kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, wala si kwa idadi ya walioandikishwa. Mtoto mwenye pumu anayekosa siku kumi, au anayebaki nyumbani kulea mdogo wake, anapunguza fedha za shule, ingawa mwalimu wake, taa na basi vinagharimu vile vile. Wilaya za watu maskini ndizo zenye utoro mwingi. Sheria ya 2019 iliweka kiwango cha msingi cha dola 6,160 kwa mwanafunzi, na nyongeza kwa watoto wa familia maskini na wanaojifunza Kiingereza, lakini hesabu inaanzia kwenye kiti kilichokaliwa.

Utawala nao uliyumba. Baada ya mvutano wa muda mrefu ndani ya bodi, mwaka 2016 wakala wa elimu wa jimbo uliwaweka kando wajumbe waliochaguliwa na kuteua bodi ya wasimamizi mahali pao. Siku hizo nilijiuliza zile hoja za wenyeji kujiamulia zimekwenda wapi. Mwaka 1973 Texas ilisimama mahakamani ikisema sauti ya wazazi wa mahali ni kitu kitakatifu kiasi cha kuhalalisha pengo la fedha. Sauti hiyo ilipokuwa inasumbua, jimbo liliinyamazisha kwa barua. Siwatetei wajumbe waliogombana. Bodi inayoshindwa kuelewana inawaumiza watoto kama bajeti isiyotosha. Ila wilaya ya shule ni kiumbe cha jimbo, na jimbo hulikumbuka hilo kwa wepesi zaidi linapodai madaraka kuliko linapodaiwa fedha.

Waswahili wengi wanaishi ndani ya wilaya za Texas sasa, wakiwamo familia kutoka Kongo zilizofika kama wakimbizi. Wengi ni wapangaji, na nimesikia wakisema kodi ya shule haiwahusu. Inawahusu, maana mwenye nyumba anaiweka ndani ya pango. Kuipigia kura bodi kunahitaji uraia, lakini mikutano ya bodi iko wazi kwa kila mtu kisheria, na kabla ya kupitisha bajeti bodi lazima ifanye kikao cha hadhara. Mzazi akienda, aulize kwanza thamani ya mali kwa kila mwanafunzi katika wilaya yake na katika wilaya jirani, kisha mahudhurio ya mwaka uliopita, kisha ni kiasi gani cha makusanyo kinakwenda kwa jimbo au kinatoka kwa jimbo. Baada ya hapo ndipo aulize juu ya choo kibovu. Wazazi wa Edgewood walianza na choo na madirisha, na iliwabidi kujifunza yale mengine mbele ya majaji.

Demetrio Rodriguez alifariki mwaka 2013. Watoto aliowafungulia kesi walikuwa watu wazima wakati Texas inasema, mwaka 1989, kwamba alikuwa na haki ya kulalamika. Binti yake alirudi Edgewood kufundisha.